Koo la Mwalimu: Kutoka Baragumu la Kirangozi hadi Dodoso la Maswali Kumi

Mwaka 2006 sauti yangu ilikatika mbele ya wanafunzi 96 wa kidato cha kwanza, katika shule ya kata yenye madarasa mawili na paa la bati, mahali ambapo siku hizo palikuwa sehemu ya Wilaya ya Urambo na leo ni Wilaya ya Kaliua. Nilikuwa mmoja wa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundishia, kisha wakasambazwa katika shule za sekondari zilizokuwa zikichipuka kila kata. Watu walituita "voda fasta", nasi tukacheka pamoja nao kwa kuwa hatukuwa na la kufanya. Somo la siku hiyo lilikuwa biashara ya misafara. Nilikuwa nikieleza jinsi wapagazi walivyotoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora wakaikata nchi hiihii ya miombo hadi Ujiji, mara mvua ikaanza. Aliyewahi kufundisha chini ya bati anajua maana yake. Nikapaza sauti. Nikapaza tena. Nilipofika kwenye neno "Ujiji" ukatoka upepo mtupu.

Ofisini, mwalimu mmoja mzee, aliyeingia kazini wakati wa UPE na aliyekuwa akitusaidia kwa mkataba baada ya kustaafu, alinichemshia tangawizi akaniambia, "Utazoea, mwanangu." Yeye mwenyewe alizungumza kwa sauti ya mkwaruzo, kama msumeno unaopita kwenye mti mkavu. Tulidhani alizaliwa nayo. Miezi kadhaa baadaye mkewe alinieleza kwamba mumewe alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya kanisa kabla ya kuanza kufundisha.

Sauti yangu ilirudi baada ya siku tisa, imepungua kidogo. Baadaye nilipoajiriwa rasmi nilijaza fomu ya uchunguzi wa afya. Nilipimwa macho, masikio, kifua na mkojo. Kuhusu sauti, chombo ambacho ningekitumia kila siku hadi uzeeni, fomu haikuwa na hata mstari mmoja. Ninaandika makala hii kwa sababu ya mstari huo uliokosekana. Upungufu wake si wa fomu moja tu. Una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita Unyamwezi.

Tuanze na msafara wenyewe. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuta utaratibu wa safari uliokwisha kukomaa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani mzigo uliokaribia frasila mbili, takribani kilo 32. Uzito huo ulijulikana, ulipimwa na ulibishaniwa. Mbele ya wote alitembea kirangozi. Yeye ndiye aliyejua njia na visima, aliyeanzisha wimbo ambao wengine waliuitikia, na aliyetangaza jioni kama kesho ni mwendo au ni mapumziko. Kwa maneno mengine, kirangozi alikuwa mfanyakazi wa sauti. Lakini tazama alivyopewa vifaa! Mbele yake palikuwa na bendera, ili walio nyuma waone bila kuambiwa. Palikuwa na ngoma. Palikuwa na baragumu la pembe ya tandala, ambalo mlio wake unasikika mbali kuliko koo la mwanadamu yeyote. Mzigo wake mwenyewe mara nyingi ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine. Msafara haukuwa mahali pa huruma. Ulibeba pembe za ndovu, na mara nyingi uliburuta watumwa waliofungwa minyororo. Hata hivyo watu wa msafara walielewa jambo ambalo Wizara zetu zimelisahau: koo moja halitoshi kuongoza watu mia moja.

Katika miaka hiyohiyo, mbali sana na Kazeh, jambo jingine lilitokea. Manuel García, mwalimu wa uimbaji mwenye asili ya Hispania aliyekuwa akifanya kazi London, mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno na kioo cha mkononi, akaelekeza mwanga wa jua kooni mwake mwenyewe, akaziona nyuzi za sauti zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata matokeo yake yalisomwa mbele ya Royal Society. Ilipofika 1857 na 1858, Ludwig Türck na Johann Czermak walikwisha kukigeuza kioo hicho kuwa kifaa cha uganga. Ninapenda kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba aliyetangulia kulitazama koo lake namna hiyo na kulieleza hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu aliyejitazama mwenyewe. Madaktari walipokichukua kioo, mwenye koo akageuka kuwa wa kutazamwa tu: fungua mdomo, toa ulimi, nyamaza.

Kunyamazishwa huko ndiko kulikofika kwetu kwanza. Uchunguzi wa afya wa watu wengi kwa pamoja, ule wa kupanga watu mstari ili kumtambua mgonjwa asiyejijua, uliletwa katika nchi za maziwa makuu na ugonjwa wa malale. Baada ya Robert Koch kufanya kazi yake katika visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, serikali ya Wajerumani ilianzisha kambi na vituo vya kutafuta wagonjwa katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Njia ya kwanza ya kumtambua mgonjwa ilikuwa mkono: daktari au msaidizi wake alipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba. Waliokutwa na tezi walichomwa sindano kuchunguzwa majimaji yake, na wengine wakapewa atoxyl, dawa yenye arseniki iliyowapofusha baadhi yao. Waingereza walipochukua nchi, malale yakazuka tena katika miaka ya 1920, na magharibi mwa Tabora watu walihamishwa kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika msituni wakakusanywa katika makazi makubwa yaliyofyekwa ili kumkimbia mbung'o. Wakapimwa damu, wakahesabiwa, wakapangwa.

Sisemi kwamba hatua zile hazikuokoa mtu. Ziliokoa wengi. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu ya kwanza ya uchunguzi wa awali katika sehemu hii ya dunia ni mkono wa mgeni juu ya shingo ya mtu ambaye hakuulizwa kitu. Shingo ilipapaswa sana, na sauti iliyotoka humo haikusajiliwa popote. Utaratibu huo ukaendelea pale Chama cha Wakulima wa Mkonge kilipounda SILABU mwaka 1944 kuandikisha vibarua. Wanaume kutoka Unyamwezi waliokwenda mashambani Tanga walikaguliwa miili, wakapewa namba, ndiyo maana tunawaita manamba hadi leo. Mwili ulikaguliwa kama mzigo: je, utafika, na utafanya kazi muda gani?

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na msafara ukafa. Kaliua ikawa stesheni, kisha ikawa njia panda pale tawi la Mpanda lilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Kirangozi akatoweka pamoja na baragumu lake. Aliyerithi kazi yake ya kusimama mbele ya kundi na kuliongoza kwa maneno ni mwalimu. Si bahati tu kwamba taifa hili liliongozwa na mtu aliyesoma Tabora, akafundisha Tabora, na kuitwa Mwalimu hadi kaburini. Mwezi Januari 1958, katika mkutano wa TANU uliofanyika mji huohuo, aliwashawishi wenzake wakubali uchaguzi wa kura tatu ambao wengi walikuwa wameukataa. Siku hiyo kilichotumika ni hoja na sauti.

Lakini mwalimu huyu aliyemrithi kirangozi alipewa nini? Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na maelfu ya walimu wakaandaliwa vijijini kwa masomo ya posta na redio huku wakifundisha. Mwaka 2002 ada ya shule za msingi iliondolewa chini ya MMEM, na uandikishaji ukapanda kutoka takribani wanafunzi milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Kisha zikaja shule za kata. Kisha, Januari 2016, elimumsingi bila ada, hadi kidato cha nne. Ninaunga mkono kila moja ya hatua hizi, na mimi mwenyewe ni zao lao. Kila hatua, hata hivyo, ililipwa kwa sarafu ambayo haikuandikwa kwenye bajeti. Kiwango rasmi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Aliyewahi kuingia darasa la kwanza wilayani Kaliua anajua kwamba 45 ni idadi ya wale waliopata dawati. Tofauti kati ya kiwango na hali halisi imekuwa ikibebwa na nyuzi mbili ndogo ndani ya koromeo, kila moja fupi kuliko pingili ya kidole gumba.

Mtu anapozungumza, nyuzi hizo hugongana mara mia moja na zaidi kwa sekunde akiwa mwanamume, na takribani mara mia mbili akiwa mwanamke. Anapopaza sauti hugongana kwa nguvu zaidi. Ongeza vumbi la chaki, kiu ya saa nne kwa kuwa choo cha walimu kipo mbali na mwalimu haendi kunywa maji, na katika msimu wa tumbaku ongeza moshi wa mabani unaotanda kijiji kizima. Ngozi laini ya nyuzi huvimba, halafu huweza kuota vinundu, kama sugu begani mwa mpagazi. Sauti hupwelea. Sehemu kubwa ya kupwelea huku hupona kwa mapumziko. Kunakozidi wiki tatu au nne bila kupona kunahitaji kumulikwa na daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu chanzo chake huenda kikawa vinundu, na huenda kikawa saratani ya koo, hasa kwa mvutaji wa tumbaku.

Ukubwa wa jambo hili kwa walimu ulionyeshwa vizuri na Nelson Roy na wenzake mwaka 2004. Waliwahoji kwa simu walimu 1,243 na watu 1,288 wasio walimu katika majimbo ya Iowa na Utah nchini Marekani. Walimu asilimia 11 walikuwa na tatizo la sauti wakati wa kuhojiwa, wakilinganishwa na asilimia 6.2 ya wengine. Waliowahi kupata tatizo hilo maishani walikuwa asilimia 57.7 ya walimu na asilimia 28.8 ya wasio walimu. Na hayo ni madarasa ya Marekani, yenye dari na watoto ishirini na kitu.

Angalia pia njia waliyotumia: simu na maswali. Hawakupapasa shingo ya mtu. Njia hiyo ina historia yake. Mwaka 1997 Barbara Jacobson na wenzake, katika hospitali moja ya Detroit, walichapisha dodoso la kauli 30 ambalo mgonjwa hulijaza mwenyewe. Kauli hizo zimegawanyika katika mafungu matatu: namna sauti inavyozuia shughuli, namna mwili unavyohisi wakati wa kuzungumza, na namna moyo unavyoumia. Kila kauli hupewa alama kuanzia 0, kwa jambo lisilotokea kamwe, hadi 4 kwa jambo linalotokea wakati wote. Jumla ya juu ni 120. Mwaka 2004 likafupishwa kuwa kauli kumi, na baadaye ikapendekezwa kwamba anayezidi alama 11 atazamwe kwa makini. Brazil walitengeneza fahirisi yao kwa ajili ya walimu: dalili kumi na mbili, kuanzia kupwelea hadi koo kukauka na maumivu wakati wa kuzungumza, na mwenye dalili tano au zaidi anahesabiwa kuwa hatarini. Karatasi moja na kalamu moja vinatosha.

Wenzangu wa sayansi huguna hapa. Wananiambia kwamba majibu ya mtu kuhusu nafsi yake ni hisia, si kipimo. Ni kweli kwamba alama za madodoso haya mara nyingi hazilingani na vipimo vya mashine. Mwimbaji mwenye kasoro ndogo sana hujipa alama nyingi, na mtu ambaye sauti yake inatisha jirani hujipa chache. Lakini tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Mashine hupima mlio, na dodoso hupima kile ambacho mlio huo umemnyima mwenye nao. Mwalimu aliyeacha kusoma hadithi kwa sauti, aliyeacha kuimba kanisani, anayepiga kengele badala ya kuita, hawezi kugunduliwa na kipaza sauti cha maabara. Anagunduliwa anapoulizwa.

Mwezi Juni uliopita nilikwenda Kaliua kwa treni nikiwa na tafsiri yangu ya zile kauli kumi mfukoni. Ilikuwa mazungumzo tu na walimu wachache wa shule ya msingi, baadhi yao wanafunzi wangu wa zamani. Haukuwa utafiti, na hakuna takwimu nitakayoitoa hapa. Nilitaka kujua kama maswali yanasomeka. Yalisomeka vibaya. Tatizo lilianza kwenye jina lenyewe. Neno "dodoso" limetokana na kudodosa, na kudodosa ni kumbana mtu kwa maswali hadi aseme asichotaka kusema. Mwalimu mmoja mwanamke alicheka akasema, "Mwalimu, umekuja kutudodosa? Basi sema kwanza umetumwa na nani." Nilipobadilisha nikasema "hojaji" hawakuwa na furaha zaidi.

Kisha tukaja kwenye kauli inayogusa neno ambalo Kiingereza chake kiko ndani ya jina la dodoso. Nilikuwa nimelitafsiri kuwa "ulemavu". Wote waliweka kalamu chini. Ulemavu kwao ni hadhi inayotambuliwa na sheria, na pia ni neno zito la jamii. Hakuna ambaye angeandika kwamba sauti yake inamfanya mlemavu, hata kama hawezi kumwita mtoto wake jikoni jioni. Tukalibadilisha: "Sauti yangu inanikwamisha." Kalamu zikainuka. Na ile ngazi ya majibu matano, ambayo kwa Kiingereza inapanda taratibu, kwa Kiswahili chetu ilidondoka katikati: "karibu kamwe" si kitu ambacho mtu husema. Walipendelea kuhesabu siku za wiki. Siku tano za kufundisha, sauti imekauka siku ngapi? Hapo majibu yakatoka kama maji.

Lugha yao ilikuwa tajiri kuliko tafsiri yangu. Walitofautisha sauti iliyokauka, iliyopwelea, iliyokwama, inayokwaruza, na ile inayoondoka Alhamisi na kurudi Jumapili. Wataalamu wa uganga wa sauti wangelipa fedha kupata orodha hiyo, na sisi tunayo bure. Lakini tulipofika mwisho, mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye miaka kumi na tisa kazini, alinirudishia karatasi yake ikiwa na sifuri karibu kila mahali. Alinijibu kwa sauti ambayo ilinibidi niiname ili niisikie: "Hii si maradhi, mwalimu. Hii ndiyo kazi yenyewe."

Nikamkumbuka yule mzee wa tangawizi. Yeye pia angejaza sifuri. Alifariki mwaka 2011. Alikwenda hospitali pale aliposhindwa kumeza ugali, si pale aliposhindwa kuimba, na kati ya mambo hayo mawili ilipita miaka ambayo hakuna aliyemuuliza swali moja: sauti yako imekuwa hivi tangu lini? Nami sikumuuliza. Nilikaa naye mwaka mzima, nikanywa tangawizi yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa madodoso. Dodoso linadhani kwamba mtu anaijua sauti yake ya kawaida. Mwalimu aliyeanza kazi akiwa na miaka ishirini na mbili katika darasa la watoto mia hana tena kumbukumbu ya sauti hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walihesabu safari ya pwani kuwa sehemu ya kuwa mwanamume, na mzigo haukulalamikiwa ovyo. Walimu nao wamerithi fahari ya namna hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa walimu wetu lisiwe "Je, una tatizo la sauti?" Liwe: "Kitu gani ulichokuwa ukikifanya kwa sauti yako ambacho siku hizi hukifanyi?" Nilimuuliza hivyo yule mwalimu wa sifuri. Alifikiri kidogo. Akasema alikuwa akiwabembeleza watoto wake kwa nyimbo, na mjukuu huyu hajawahi kumwimbia.

Kikwazo cha pili ni cha kisiasa, na wilaya hii inakijua kuliko nyingi. Ulyankulu, iliyo ndani ya Kaliua, ilipokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972. Miaka 35 baadaye familia hizo zilihojiwa moja moja: mnarudi au mnabaki? Wengi walichagua kubaki na kuomba uraia, kisha wakasubiri miaka kabla ya kukabidhiwa vyeti vyao. Watu waliopitia hayo hawaandiki jibu kwenye karatasi ya serikali bila kujiuliza jibu hilo litakwenda kwa nani. Mwalimu naye hujiuliza. Nikiandika kwamba sauti yangu inakatika, je, nitaonekana sifai darasani? Nitahamishwa? Nitanyimwa kupandishwa daraja? Dodoso linalokusanywa na mwajiri, lenye jina na namba ya cheki, litavuna sifuri tupu, na afisa ataandika taarifa kwamba walimu wa wilaya wana afya njema ya sauti. Karatasi hizo zipite mikononi mwa mhudumu wa afya, na mwajiri apewe hesabu ya shule bila majina.

La tatu limeandikwa tangu 1968, katika kitabu cha Wilson na Jungner kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani kuhusu kanuni za uchunguzi wa awali. Wanasema usimtafute mgonjwa kama huna mahali pa kumpeleka. Kutoka Kaliua, mwalimu anayehitaji kumulikwa koo huanza safari ya Tabora, na mara nyingi huishia Bugando, Mwanza. Mtaalamu wa tiba ya sauti na usemi ni adimu nchini, sembuse mkoani. Je, basi tusiulize? Sikubali, kwa sababu sehemu kubwa ya tiba ya mwalimu haiko hospitali. Mwaka 2002 Roy na wenzake waliwagawa walimu wenye matatizo ya sauti katika makundi. Kundi moja lilipewa vipaza sauti vidogo vya kuvaa kiunoni, jingine mafunzo ya kuitunza sauti, na la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki sita, waliopewa vipaza sauti walikuwa wamepata nafuu ya wazi kwa alama za dodoso lilelile la 1997. Kipaza sauti cha kiunoni ndilo baragumu. Kirangozi alikuwa nalo mwaka 1857.

Sheria za kutegemea tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inazungumzia uchunguzi wa afya za wafanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 unawahusu watumishi wa umma na wa sekta binafsi. Poland iliiweka kasoro sugu ya sauti itokanayo na kazi katika orodha yake ya magonjwa ya kazini miongo mingi iliyopita, na walimu ndio wengi miongoni mwa wanaofidiwa. Brazil ilitoa mwongozo wake mwaka 2018. Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: mstari mmoja kwenye fomu ya kuajiriwa na karatasi moja ya maswali kumi kila mwaka havihitaji mkopo wa nje. Kwa wanaharakati, hususan walio katika vyama vya walimu: tumejadili sana mishahara na madaraja, na ni haki. Koo halijawahi kuwa ajenda.

Siku ya kuondoka, yule mwalimu wa darasa la kwanza alinifuata nje ya ofisi akiwa na karatasi mpya aliyoijaza upya usiku. Safari hii sifuri zilikuwa mbili tu. "Sasa nimejaza," aliniambia. "Naenda wapi?" Nikageuza karatasi, nikamwandikia nyuma yake siku za kliniki ya masikio, pua na koo, nauli ya kwenda na kurudi, makadirio ya chakula na malazi kwa siku tatu, na kwamba aombe ruhusa kwa maandishi. Aliisoma yote, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya daftari la maandalio ya somo. Mtoto wa zamu akagonga rimu la gari linalotumika kama kengele, naye akaingia darasani.